Kikokotoo kinakupa miaka 12.5 baada ya kustaafu. Mingapi kati ya hiyo utaenda chooni mwenyewe?

#1 MstaafuMtarajiwa

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri, shikamooni. Niliowazidi, nasubiri zangu.

Tumepigana na kikokotoo cha mafao ya kustaafu humu tangu 2018. Ilikuja asilimia 25 ya malipo ya mkupuo, moto ukawaka, ikasitishwa. Julai 2022 ikaja 33, moto tena. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakichukua 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Siku hizi hata mhudumu wa ofisi anaijua kanuni kwa kichwa: mshahara wa mwaka, mara miezi uliyochangia, gawa kwa 580, mara 12.5, halafu asilimia yako.

Sasa leo naomba tusimame kwenye hiyo 12.5 ambayo huwa tunaipita mbio. Hiyo ndiyo miaka unayokadiriwa kuishi baada ya kutoka kazini. Lazima utoke ukiwa na 60, jumlisha 12.5, umefika 72 na nusu. Najua pensheni ya mwezi inaendelea hata ukifikisha 90, kwa hiyo msianze kunirukia hapo. Ninachosema ni kwamba kwenye hesabu yote ya uzee wetu kinachohesabiwa ni pumzi tu. Kama hiyo 12.5 utakuwa shambani unapalilia au chumbani unageuzwa kwenye godoro, kanuni haina habari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina hesabu mbili. Moja ni umri wa kuishi. Ya pili ni umri wa kuishi ukiwa na afya. Mwaka 2019, kabla ya korona, kwa Tanzania, ya kwanza ilikuwa kama miaka 67 na ya pili kama 58. Katikati hapo kuna miaka kama tisa ambayo mtu yupo lakini hayuko sawa.

Na msidhani ni umaskini tu. Desemba 2024 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha ulinganisho wa nchi 183. Pengo la wastani duniani ni miaka 9.6. Nchi yenye pengo kubwa kuliko zote ni Marekani, miaka 12.4. Na pengo linakua, kwa sababu mwaka 2000 lilikuwa 8.5. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, wanaishi zaidi yetu ila wanaugua zaidi yetu. Japan, ambayo kila mtu anaitolea mfano, mwanamke anafika 87 lakini afya yake kwa hesabu za wizara yao inaishia 75 na kitu.

Hoja yangu ni fupi. Hii miaka inayopotea mingi inarudishika, na kwa bei ndogo, ila vitu vyenyewe havina sifa. Hakuna waziri anayekata utepe kwa ajili ya magoti. Presha, macho, meno, magoti, choo. Tungepiga kelele ya hivyo nusu tu ya kelele ya kikokotoo, tungezeeka vizuri.

Wenye wazee nyumbani karibuni. Nawasilisha.

#2 Kijogoo_wa_Tandale

Mimi nitakufa na 59 niwakomoe.

#3 Mhasibu Mstaafu

Ukifa na 59 watalipwa wategemezi wako. Humkomoi mtu hapo, unamfurahisha shemeji yako tu.

#4 TakwimuMtaani

Uzi mzuri, ila tuweke sawa jambo moja kabla watu hawajaanza kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba "afya ya Mtanzania inaisha 58".

58 siyo tarehe. Ni wastani unaoanzia siku ya kuzaliwa. Mtoto akifa na miezi mitatu, naye yumo. Kijana aliyepata ajali ya bodaboda na 22 akabaki na mguu mmoja, yumo. Halafu wanachokata siyo mwaka mzima kwa kila mgonjwa. Kila tatizo lina uzito wake: maumivu ya mgongo yanakata kipande kidogo cha mwaka, kiharusi kinakata kipande kikubwa. Wakijumlisha vipande vyote ndipo linapatikana pengo la miaka tisa. Kwa hiyo miaka hiyo haikai yote mwishoni ikikusubiri, imetawanyika maisha mazima, ingawa ni kweli kwamba imerundikana zaidi uzeeni.

Na hiyo 67 nayo watu wanaisoma vibaya. Mtu akiwa na 60 anasema "nimebakiza saba". Hapana. Wewe umeshavuka malaria ya utotoni, surua, uzazi, barabara. Matarajio yako ni mbele ya hapo.

Mkumbuke pia tulikotoka. Sensa ya 2002 ilionyesha umri wa kuishi wa miaka 51. Ya 2012 ikaonyesha karibu 62. Miaka kumi kuongezeka miaka kumi na moja! Haikuwa kwamba wazee wameanza kuishi sana. Watoto waliacha kufa kwa wingi, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zikaanza kutolewa bure 2004. Sasa wale waliookolewa na dawa hizo ndio wanaoingia uzeeni. Mtu aliyeanza dawa 2005 akiwa na 40 leo ameshafika 60, na anahitaji kliniki ya presha na sukari pia, wakati kliniki anayoijua ni ile moja tu.

#5 Mja_Mwema

Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Haya mahesabu ya Wazungu ya kupanga nani atakufa lini ni kumkufuru. Wangapi walifanya mazoezi wakafa na 45?

#6 MstaafuMtarajiwa

Mja_Mwema, siku ya kufa sijaigusa, hiyo nimemwachia Mwenyewe. Nazungumzia siku ya kushindwa kuinuka msalani. Hiyo nadhani tumeachiwa na sisi sehemu yetu.

#7 Kitindamimba

Umeita wenye wazee nyumbani. Mimi hapa.

Mama alipata kiharusi. Maneno yalirudi, mguu wa kulia haukurudi. Kaka zangu wako Dodoma na Mwanza, wanatuma hela, na siwasemi vibaya, wanatuma kweli. Mimi sina mume wala ajira yenye ofisi, basi ikaeleweka bila kikao kwamba atakayekaa na mama ni mimi. Duka langu la nguo nimefunga.

Hospitali walituruhusu na bahasha ya vidonge na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyenionyesha jinsi ya kumgeuza mtu mzito aliyepooza upande. Kidonda cha kwanza kilitokea juu ya makalio, pale kwenye mfupa. Aliyekiona ni nesi mstaafu, jirani yetu, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi: mgeuze kila baada ya saa mbili, weka mto katikati ya magoti, kisigino kisiguse godoro, shuka isiwe na mikunjo, ukimvuta usimburute ngozi. Vitu hivyo ningeambiwa mlangoni siku ile, kidonda kile kisingekuwepo. Pampasi za watu wazima ni ghali, tunatumia usiku. Mchana ni kanga kuukuu na mpira wa godoro, na mimi na beseni.

Kwa hiyo mleta uzi ukisema pengo, mimi ndiye ninayeishi humo ndani ya pengo, na mimi ni mzima wa afya. Hesabu ya WHO inamhesabu mama. Mgongo wangu na duka langu sijui viko safu gani.

Lakini nina ugomvi na nyinyi pia. Mama huyu huyu wa kitandani ndiye aliyemaliza kesi ya mpaka wa shamba baina ya baba zangu wadogo, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki anayekumbuka mwembe ule aliupanda nani. Walikuja wakakaa kwenye mikeka chumbani kwake, wakasikilizwa mmoja mmoja, akahukumu. Wajukuu hawalali bila kupita kwake. Huu mwaka kwenye jedwali lenu umekatwa kipande kikubwa. Hapa kwetu haujakatwa. Nikiona watu wameanza "heri kufa kuliko kulala kitandani", naomba mjue chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja na mimi huwa nasoma nyuzi kwa sauti.

#8 Kijogoo_wa_Tandale

Dada Kitindamimba, shikamoo mama. Nimefuta nilichotaka kuandika.

#9 MstaafuMtarajiwa

Kitindamimba, pole na hongera kwa pamoja. Na umenigusa mahali.

WHO wenyewe ripoti yao ya 2015 kuhusu kuzeeka waliacha kupima afya ya mzee kwa kuhesabu magonjwa. Wakasema tuangalie uwezo: mtu anaweza kuwa vile anavyotaka kuwa, na kufanya yale anayoyathamini? Na uwezo huo sehemu ni mwili wake, sehemu ni mazingira yake. Mama yako ana kiharusi, lakini ana wewe, ana mikeka chumbani, ana watu wanaomwona bado ni hakimu wao. Mwingine mwenye kiharusi hicho hicho amefungiwa chumba cha uani, anapelekewa sahani. Ugonjwa mmoja, uzee mbalimbali kabisa.

Ila hilo halifuti swali: huo uwezo wake unauwezesha wewe mtu mmoja kwa mgongo wako. Nani anakuwezesha wewe?

#10 Mbeba_Boksi_Midlands

Naingilia hapo hapo. Nipo Uingereza, natunza wazee kwenye nyumba ya matunzo. Najua bongo tukisikia hizi nyumba tunacheka, "wanatupa wazazi". Msicheke haraka.

Kwa kanuni za kazini kwetu, mzee asiyesimama hanyanyuliwi na mtu mmoja. Tunakuwa wawili na mashine ya kunyanyulia, na anayemnyanyua peke yake anaitwa ofisini. Kuna daftari la kumgeuza, unaandika saa na upande. Kitindamimba anafanya kazi ya zamu tatu peke yake, hana mashine, hana likizo, na tunaiita baraka za mzazi. Baraka zipo, ila hata sisi tunaolipwa tunapewa siku ya kupumzika.

Hilo moja. La pili, Uingereza ina hospitali za bure lakini tofauti ya tajiri na maskini inatisha. Takwimu zao za 2018 hadi 2020 za England: kwenye maeneo yenye dhiki zaidi afya njema inaishia kwenye 52, kwenye maeneo ya wenye nazo inafika 70. Nchi moja, miaka 18 tofauti. Ninaowahudumia walikuwa madereva wa malori, wafanya usafi, wasukaji viwandani. Magoti na mapafu yao yalimalizwa kazini zamani sana. Kwa hiyo kuambiana "kula mboga, fanya mazoezi" ni sawa, lakini kazi uliyoifanya kuanzia 20 hadi 60 ndiyo inayoamua mengi. Mpasua kokoto wa Kunduchi hawezi kuzeeka sawa na karani.

#11 NesiSista

Nimefanya kazi wodi ya wanaume na ya wanawake, sasa niko kliniki. Mleta uzi kataja presha kwa neno moja, ngoja niifungue maana ndiyo inayotuletea akina mama Kitindamimba.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta zaidi kidogo ya robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipopima wenye 70 na kuendelea walikuta karibu saba kati ya kumi. Saba! Na wengi walikuwa hawajui. Kisha kuna utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa 2010: Dar ilikuwa na kiharusi karibu mara tatu ya Hai, ukiweka umri sawa. Kati ya viwango vya juu vilivyokuwa vimeripotiwa popote.

Shida ya presha haiumi. Mtu anaanza amlodipine, mwezi wa pili anapimwa 128 kwa 80, anasema "sista nimepona", anaacha. Hujapona baba, ni dawa inafanya kazi. Mwingine anakunywa siku ambazo kichwa kinauma. Mwingine anagawana na mkewe kwa sababu wote wanayo. Mwingine kaambiwa kitunguu saumu kinatosha. Halafu alfajiri moja mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki, na familia inakaa nyumbani hadi saa nne asubuhi kwa sababu wanadhani ni jini au upepo mbaya. Ukiona hizo dalili tatu, hata moja, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Vidonge vya presha vya kawaida siyo ghali. Ghali ni kitanda, pampasi, duka lililofungwa, na figo zikienda ni kusafisha damu mara tatu kwa wiki hadi mwisho au upandikizwe. Familia ya mshahara mmoja haifiki mbali hapo.

Kuhusu serikali: Sera ya Wazee ya 2003 ilisema mwenye 60 asiye na uwezo atibiwe bure. Dirisha la wazee lipo, na bango la kumpisha mzee lipo. Mzee anapishwa, anafika dirishani wa kwanza, anaambiwa wa kwanza kwamba dawa hakuna akanunue nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, tuombe itufikishe.

#12 Mzawa wa Rombo

Haya yote yanatokea kwa sababu mmeacha vyakula vya asili. Babu zetu waliishi miaka 110, 120, bila kidonge. Babu yangu mwenyewe amekufa na 118, alikuwa anapanda mlima. Someni kuhusu Okinawa, kile kisiwa cha Japan.

#13 TakwimuMtaani

Mzawa, cheti cha kuzaliwa cha babu kipo?

Siyo dharau. Mtafiti Saul Newman alipata tuzo ya Ig Nobel 2024, ile ya tafiti za kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kuonyesha kwamba sehemu nyingi zinazosifiwa kwa watu wa miaka 100 na zaidi ni sehemu zenye kumbukumbu mbovu za vizazi na vifo. Japan yenyewe 2010 walikwenda kumpongeza mzee wa Tokyo aliyeandikwa ana 111, wakamkuta amekauka kitandani, amekufa zaidi ya miaka thelathini nyuma, na familia inapokea pensheni. Serikali ikakagua madaftari, watu zaidi ya 230,000 walioandikwa wana zaidi ya 100 hawajulikani walipo. Wanaolalamikia uhakiki wa wastaafu wapo?

Okinawa sifa zake za zamani zilikuwa na ukweli wake, viazi vitamu, soya, kazi ya mikono. Lakini mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walishuka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japan, na 2020 wakawa wa 43. Waliokulia kwenye baga za kambi za Wamarekani na magari hawakurithi chochote kutoka kwa babu zao.

Mfano wako wa asili uko karibu zaidi, huhitaji kwenda Japan. Wahadza wa Ziwa Eyasi. Watoto wao wengi hufa wadogo, kwa hiyo wastani wa umri wao ukiuangalia utasema hawana wazee. Wapo, tena wanafanya kazi. Miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliwafuatilia wakakuta bibi wa Kihadza wanachimba mizizi saa nyingi kuliko mabinti, na chakula hicho ndicho kinachowalisha wajukuu mama zao wakiwa na mtoto mchanga. Kutokana na hapo ikazuka nadharia nzima kwamba binadamu mwanamke anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi alikuwa na kazi ya maana. Na msidhani hawapumziki. Watafiti wengine waliwafunga vipimo, wakakuta wanakaa bila kazi karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa ofisini. Tofauti ni mkao: wanachuchumaa, wanapiga magoti, misuli haizimiki. Sisi tuko kwenye kochi.

#14 Mzawa wa Rombo

Cheti hakipo lakini alizaliwa kabla ya vita ya Mjerumani.

#15 Kijogoo_wa_Tandale

Vita ipi mkuu, ya kwanza au ya pili? Kuna miaka 25 hapo.

#16 Fundi_Viungo

Nilikuwa nasubiri magoti yafike. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na nitawaambia kitu ambacho wazee hawawaambii watoto wao.

Mzee mwenye magoti mabovu na choo cha kuchuchumaa anaacha kunywa maji. Anapanga. Saa kumi jioni anafunga, asije akaamka usiku. Chakula anapunguza pia ili asiende haja kubwa kila siku. Unamwona anakonda, ngozi imekauka, anapata choo kigumu, mkojo unachoma, kizunguzungu akisimama, halafu anaanguka. Familia inazunguka naye kupima kansa. Tatizo ni tundu la choo liko chini na goti haliendi huko.

Dawa yake ipo kwa fundi yeyote. Chukua kiti cha plastiki kigumu, siyo vile vyepesi vinavyopinda miguu, au stuli ya mbao. Toboa katikati duara, sugua kingo zisichane ngozi, kiweke juu ya tundu. Miguu ya kiti ikae sehemu kavu isiyoteleza. Halafu funga bomba ukutani, la mlalo, usawa wa kiuno chake, kwenye mkono ambao una nguvu. Lifungwe kwenye tofali kwa boliti, siyo kwenye bati, maana atalivuta kwa uzito wote. Taa. Ndala zilizoisha soli tupa. Nimewahi kuona mzee aliyeletwa kwangu "amechoka" anarudi kula ugali kamili ndani ya muda mfupi, na sikumpa kidonge.

La pili ni mapaja. Ukitaka kujua kama mzee wako anaelekea kushindwa, mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, mwambie asimame akae mara tano. Akishindwa kusimama bila kujisukuma kwa mikono, anza leo. Zoezi ndilo hilo hilo: asimame akae, asubuhi na jioni, ameshika meza kama anahitaji. Na umpe maharage, dagaa, mayai. Wazee wetu tunawapa uji na chai ya rangi eti meno hayapo, misuli inayeyuka. Akianguka akavunjika nyonga na upasuaji ukawa mbali, hapo mleta uzi unaijua hesabu.

#17 Mpemba wa Wete

Assalaam alaykum. Sie huku Zanzibar tuna Pensheni Jamii tangu Aprili 2016. Ukifika 70 unapata, hata kama hukuwahi kuajiriwa maisha yako yote, mvuvi, mkulima wa karafuu, mama wa nyumbani. Ilianza 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Najua bara mnaona ni ndogo. Lakini bi mkubwa wetu ilimbadilisha. Zamani akiishiwa dawa ya sukari hunyamaza, aona tabu kumwomba mkwewe. Sasa ana chake, anamtuma mtoto dukani kwa sauti. Uwezo mnaousema, na huo uwemo.

#18 Wanjiku_wa_Nakuru

Hata hapa Kenya tuko na Inua Jamii, wazee wa 70 kwenda juu, shilingi 2,000 za Kenya kila mwezi. Haitoshi, lakini Mpemba anasema ukweli, nyanya akiwa na kitu chake haulizi ruhusa ya kwenda kliniki. Kitu inanishangaza kuhusu uzi huu ni kwamba watu wa kikokotoo ni wale walikuwa na payslip. Wazee wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuwa nayo.

#19 Nkwabi_wa_Kishapu

Huku kwetu Usukumani mzee kuzeeka vibaya ni hatari ya kifo, na siongelei ugonjwa. Bibi amepika kwa kuni na samadi miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yamekuwa mekundu. Akianza kusahau, anatoka usiku, anaongea peke yake, anakutwa uani kwa jirani asijue amefikaje. Mtoto wa jirani akiugua wiki hiyo, wanasema ni mchawi, bibi amekwisha. Vikongwe wangapi wameuawa kwa mapanga kanda hii kwa sababu hiyo?

Hai walikopima presha walipima na ugonjwa wa kusahau, wakakuta zaidi ya sita katika kila mia ya wenye 70 na kuendelea. Ina maana kila kijiji wapo. Kijiji chenye mtu mmoja tu anayejua kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, bibi anasalimika. Na macho nayo, bibi yangu mzaa mama alikuwa anaongozwa na mtoto kwa fimbo. Walipokuja madaktari wa macho wakamtoa mtoto wa jicho na kumwekea lenzi. Baada ya kufunguliwa bandeji alimwangalia mjomba akamwambia "kumbe umeota mvi". Sasa anachambua mchele mwenyewe na anatukana anayeacha mawe. Upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi, hakulazwa hata.

#20 Mja_Mwema

Nimesoma yote. Fundi_Viungo, samahani, nina swali la pembeni. Mzee wangu goti linamsumbua na tumemletea gongo la hospitali la chuma, amelitupa uvunguni. Anasema hajawa kilema. Anashika kuta.

#21 Fundi_Viungo

Usimrudishie gongo, mnunulie bakora. Nzuri, ya mti mgumu, yenye kichwa cha kushika, mjukuu amkabidhi mbele za watu. Mzee mwenye bakora ni mzee, mwenye gongo la chuma ni mgonjwa, ndivyo wanavyoona. Kabla ya kumpa ipime: asimame wima na viatu vyake, mikono ining'inie, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikizidi, kata chini. Chini ivalishe mpira, kipande cha tairi kinafaa, isiteleze kwenye sakafu ya vigae. Na ashike kwa mkono wa upande usiouma, bakora na goti bovu viende mbele pamoja. Wengi wanashika upande wa goti linalouma, hapo haisaidii kitu.

#22 Mja_Mwema

Goti ni la kulia. Kwa hiyo ashike kushoto?

#23 Fundi_Viungo

Kushoto.